Unalitaka, au Lirudi?

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba nina haki ya kukataa kusikia alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, aliyevaa gambuti katikati ya kiangazi. Alisimama kwenye geti la boma langu hapa Katito, akabisha hodi. Nikamkaribisha, hakuingia. Akabisha tena. Nikasema karibu kwa mara ya pili, sasa sauti imeanza kuwa kali, ndipo akaingia. Nilikuja kujua baadaye kwamba hiyo ilikuwa sheria yake. Karibu ya kwanza, alisema, watu huitoa kwa mazoea tu, wala hawajafikiria nani yuko nje.

"Mama Omondi, mimi natoka ofisi ya probesheni," akasema. "Kuna neno kutoka kwa yule mtu. Unalitaka, au lirudi?"

Nilimtazama kama aliyelewa. Yule mtu ndiye aliyemuua mwanangu. Omondi alikuwa na boda hapa njia panda ya Kendu Bay, na siku moja alimbeba abiria ambaye wenzake hawakumfahamu, akaenda naye, asirudi. Pikipiki ilipatikana Muhoroni nyumbani kwa huyo abiria, pamoja na simu ya Omondi na jaketi yake yenye damu. Korti ikamfunga. Lakini mwanangu mwenyewe hakupatikana, na kila alipoulizwa amemweka wapi, yule mtu alijibu kwamba hajui, macho yakiwa sakafuni.

Sasa anatuma maneno. Mimi nilidhani neno la mfungwa hukujia tu upende usipende, kama bili ya stima. Kumbe linaweza kukataliwa.

"Nikisema lirudi?"

"Nitawaambia halikupokelewa. Na mimi nitalisahau."

Nikamwambia alilete. Neno lenyewe lilikuwa dogo: amekata rufaa, ataletwa kortini Kisumu mwezi ujao, na kama nitakuwa mjini siku hiyo nijue nisije nikakutana naye kwenye ngazi bila kujiandaa. Ndiyo hayo tu. Akauliza, "Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akauliza tena, polepole, akiniangalia usoni, "Umesikia, au umekubali?"

Nikamwambia, "Madam, rufaa ni yake. Mimi nitakubali nini?"

"Basi umesikia," akasema, akainuka. Nilikuwa nimeshaweka maji ya chai jikoni. Hakuyangoja.

Majirani walimpa jina la Jaote, maana yake mjumbe, kwa sababu hapa kwetu afisa yeyote akija bomani mara mbili hupewa jina. Usoni tulimwita Madam. Jina lake halisi nalijua, lakini yeye mwenyewe hakulipenda litajwe katika habari za watu wengine, na sitalitaja. Alikuwa anazunguka eneo lote, Obunga mpaka Nyakach mpaka kwenye mashamba ya miwa, akiwapelekea watu waliodhulumiwa habari za waliowadhulumu: huyu amekata rufaa, huyu amehamishwa jela, huyu anaomba apunguziwe kifungo, huyu anaomba msamaha, huyu anatoka Ijumaa. Wengine walimfukuza. Mwanamke mmoja wa Nyakach alimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Jaote alinihadithia hilo akicheka, akasema bahati nzuri alikuwa na gambuti.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anavaa gambuti hata jua likiwaka hivi. Akasema viatu vya ofisini vinamfanya mtu aonekane ana haraka.

Hakuwa wa huku. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kati kuja kufanya biashara Kisumu, na Kijaluo chake alikuwa amekiokota sokoni, kikiwa na matusi yote na salamu zote. Kwa kazi yake hakusema uongo hata wa kupoza moyo. Mtu akimuuliza, "Huyo mtu anajuta kweli?" anajibu, "Sijui, mimi nimebeba neno, sikubeba moyo wake." Lakini kwenye samaki, ai, alikuwa mwongo wa kupindukia. Mimi nauza samaki wa kukaanga hapa barabarani, na Jaote akija kununua alikuwa anafungua mashavu ya samaki aliyekwisha kaangwa, eti anaangalia kama ni wa leo. Anasema Ahero wanauza nusu ya bei hiyo. Anasema ana wageni saba nyumbani, na mimi najua anaishi peke yake na paka. Tukishapatana, anaongeza mmoja mdogo kwenye karatasi mwenyewe bila kuomba. Mwanamke huyu huyu, ambaye hangeweza kumficha mama mzazi neno moja baya, aliniibia samaki wa ngege mbele ya macho yangu, tena akiwa amevaa beji ya serikali.

Chai ndiyo iliyokuwa shida yetu. Hapa kwetu mgeni asiyekunywa chai amekuja na ubaya. Mara ya tatu au ya nne nilimzuia mlangoni na kikombe mkononi, nikamwambia kama nyumba yangu ni chafu aseme. Akasema, "Mama Omondi, mimi sinywi chai kwa mtu niliyemliza." Nikamwambia sijalia. "Utalia nikiondoka," akasema, na ilikuwa kweli.

Kwenye simu pia alikuwa na mambo yake. Hakutoa habari kwa simu hata siku moja. Alipiga tu kuuliza, "Kesho uko nyumbani?" Nikisema niko, anakata. Sasa wewe fikiria usiku unaofuata hapo. Nilikuwa nikiona jina lake kwenye simu ninakaa chini kwanza, popote nilipo, hata kando ya mafuta yanayochemka. Siku moja alinipigia, nikakaa juu ya debe, nikamwitikia kwa sauti ya kufa, na yeye akaniuliza kama samaki wa mbuta wamefika. Mbuta. Nilimtukana siku hiyo matusi ambayo sijawahi kumtolea mtu wa serikali. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaomba msamaha, na tangu hapo akipiga kwa mambo yake mwenyewe alianza kwa kusema, "Si kazi, ni mimi." Nikisikia hivyo, pumzi inarudi.

Lazima nieleze kwa nini sikuwahi kusema lirudi. Mwanamke wa Nyakach alisema lirudi na akapata amani yake. Mimi sikuweza. Kwetu mtu huzikwa kwao, na Omondi nafasi yake iko pale karibu na ua, mimi mwenyewe naifyeka kila majani yakiota. Mtu akipotelea majini au vitani asionekane, kuna desturi: linatafutwa tunda la mti wa yago, lile refu zito kama mkono wa mtu mzima, linaviringishwa shuka, linawekwa kaburini badala yake, watu wanalia, mambo yanaisha. Shemeji yangu, ndugu mkubwa wa marehemu mume wangu, ndiye mwenye sauti katika boma hili, na alinisukuma kuhusu hilo tangu mwaka wa kwanza.

"Mama Omondi, hii maneno iishe," alikuwa anasema. "Yago iko kule kwa kijito, imezaa. Tuzike mtoto, nyumba ipumzike."

Mimi nikamwambia hivi: mtu anayejua alipo mwanangu yuko hai, anakula ugali wa serikali kila siku, ana mdomo. Nitazikaje tunda huku mdomo huo ungali unafunguka? Siku nikizika yago nimesema basi, sitafuti tena. Kwa hiyo kila Jaote aliposimama getini na kuniuliza kama nalitaka, nilisema lete, kwa sababu huenda leo ndilo lile.

Na kweli siku moja likaja. Yule mtu alikuwa amesema Omondi yuko kwenye miwa, upande wa Muhoroni, karibu na mfereji ambapo matrekta hugeukia. Tulienda na polisi, mimi, shemeji na vijana wa kuchimba. Jaote hakutakiwa kwenda, kazi yake ilikuwa imeisha getini kwangu, lakini alikuja, akatembea kwenye matope ya mfereji na zile gambuti mpaka moja ikazama ikamvuka mguuni. Walichimba mpaka jua likapinda. Walipata mifupa. Polisi mmoja aliinua mmoja, akauangalia, akasema ni wa ng'ombe.

Nilimgeukia Jaote. Nilikuwa sina mwingine wa kumgeukia. Nikamwambia, "Wewe ndiye mkono wake. Yeye yuko ndani hawezi kunifikia, wewe unamleta mpaka mlangoni kwangu anitese."

Aliketi kwenye tuta, mguu mmoja na soksi ya matope. Hakujitetea. Alisema, "Inaweza kuwa."

Tukakaa hapo tukiwangoja polisi wapakie sepetu zao. Ndipo akaniambia habari zake, mara ya kwanza na ya mwisho. Baba yake alikuwa na duka la vyombo mjini. Mwaka wa fujo za uchaguzi liliungua, na baba akafa miezi michache baadaye, hakuwa na ugonjwa wa kutajika. Nani aliwasha moto, hakuna anayejua, au wanaojua wamenyamaza. "Mimi hakuna mtu aliyewahi kusimama getini kwangu na neno," alisema. "Hata la uongo. Kila nikinunua nyanya naangalia mkono wa anayenipa, najiuliza kama ndio huu." Halafu akavaa ile gambuti, akauliza, "Likija lingine, lirudi?"

Nikamwambia lete. Nilikuwa bado namchukia wakati nikisema hivyo.

Kuna siku alinieleza pia kwa nini ana lile swali lake la umesikia au umekubali. Ilikuwa zamani, akiwa mgeni kazini. Mtu mmoja alikuwa amefungwa kwa kumkata panga mama mmoja wa Obunga, muuza dagaa wa omena, na sasa anaomba kutoka mapema. Jaote akatumwa kwa yule mama kuuliza maoni yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asewinjo." Nimesikia. Hakusema zaidi. Lakini kwa Kijaluo kusikia na kupatana ni maneno ya ukoo mmoja. Winjo ni kusikia, winjruok ni mapatano, na Jaote wa Kijaluo cha sokoni akaona yote ni mamoja. Akarudi ofisini akasema mama amekubali. Mtu akatoka. Yule mama hakuambiwa kwa sababu ilidhaniwa anajua. Asubuhi moja akiwa ameinama anapima omena, akaona kivuli mbele ya meza, akainua kichwa kumhudumia mteja, na mteja ndiye yule wa panga.

"Alifanya nini?" nikauliza.

"Yule mwanamume? Hakufanya kitu. Alinunua omena, akashukuru. Mama alifunga meza siku hiyo. Hakuifungua tena. Nilienda kwake kuomba msamaha, akaniambia, 'Asewinjo.'"

Kuhakikisha hilo halitokei tena ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kwa miaka yote ile. Wengine walimwona mkaidi wa taratibu, mtu wa kuuliza swali moja mara mbili kama vile wewe ni mtoto wa shule. Shemeji alimwita mwalimu mkuu. Mimi nilimwacha aulize.

Halafu likatokea jambo la simu. Nilikuwa nageuza samaki, namba nisiyoijua ikapiga. Sauti ikasema, "Mama, ni mimi." Nilijua kabla hajaendelea. Sauti ile niliisikia kortini ikisema hajui, hajui. Sijui alipata wapi simu mle ndani. Akasema kesi yake itaangaliwa upya, jaji atataka kusikia familia inasemaje, na mimi nikisema nimemsamehe, apunguziwe, basi ataniambia Omondi yuko wapi. "Nitoe, mama, nami nikutolee mtoto wako." Hivyo ndivyo alivyosema. Samaki waliungua wote.

Nilimpigia Jaote. Nadhani ndiyo mara pekee aliyopata habari kwa simu badala ya mguu. Alifika jioni hiyo hiyo, nikamwambia karibu mara moja tu akaingia. Akasema kila neno la mtu yule linapita kwake kwanza ili niulizwe kama nalitaka, na huyu ameruka ukuta akaingia nyumbani kwangu bila hodi. Kesho yake askari wa jela walimpekua, wakachukua simu. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, nani angelitoa?

Nilitaka kukubali. Nasema waziwazi, sina aibu nalo. Ningemwambia jaji nimemsamehe, amwachilie hata kesho, ampe na nauli, mradi anipeleke mahali nichimbe kwa mikono yangu. Jaote alipokuja kuchukua maoni yangu nilimwambia hivyo. Akauliza, "Umekubali, au unamtaka Omondi?" Nikasema ni kitu kimoja. Akasema si kitu kimoja. Nikamuuliza, "Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Mimi si mama yake," akasema.

Nilisikia kama amenichapa kofi. Baada ya mwaka wa miwa, baada ya yote, ananiambia hivyo. Nilimwonyesha mlango. Alipofika mlangoni alisema, bila kugeuka, "Nikikwambia la kufanya, kesho likiharibika utakuwa huna hata la kwako."

Kortini Jaote alisoma alichoandika, na kilikuwa maneno machache: mama amesikia, hajakubali, anamtaka mwanawe. Jaji akamgeukia yule mtu akamuuliza kama ana la kumwambia mama huyu. Alikuwa amekonda sana, shingo imebaki kamba. Aliniangalia mimi, kisha akamwangalia Jaote, akasema, "Nitamwambia Madam." Jaji akasema aseme pale pale, mbele ya watu. Akarudia, "Nitamwambia Madam, akija." Kifungo kikabaki kilivyokuwa.

Na akawa anamwambia. Mara moja kwa mwaka, mara mbili. Omondi yuko kwenye kisima cha zamani. Omondi yuko chini ya daraja. Kila mara Jaote alikwenda jelani kuchukua neno, akaja, akabisha mara mbili, akauliza kama nalitaka. Kila mara nikasema lete, tukaenda, tukarudi mikono mitupu. Nilimuuliza Jaote siku moja kama kuna watu wanaomtembelea yule mtu. Akasema kwao walimkana siku ya hukumu, hajaona hata shangazi. Nikasema vizuri. Sikulifikiria zaidi ya hapo.

Jaote akastaafu. Walimpa keki ofisini, akaniletea kipande kwenye mfuko wa nailoni, kimebondeka, akaniambia, "Si kazi, ni mimi," akanunua samaki, akaniibia mmoja. Aliyechukua nafasi yake ni kijana mstaarabu, sina ubaya naye, lakini yeye hutuma ujumbe kwenye simu. "Habari. Mfungwa amehamishiwa wadi ya wagonjwa. Asante." Unausoma huku mteja anakuuliza bei. Hakuna wa kukuuliza umesikia. Niligundua ninamkosa yule mama na gambuti zake, ninakosa hata hodi ya pili. Ni ajabu kumkosa mtu ambaye kila akija anakuvunja moyo.

Mara ya mwisho nilipomwona, masika yalikuwa yamekolea. Nilikuwa nafyeka pale karibu na ua. Nikasikia hodi, nikasema karibu. Kimya. Hodi tena. Niliacha panga pale pale.

Hakuwa amepiga simu. Alikuwa amevaa malapa, siku ya matope namna ile, na kitenge cha kanisani. Alikuwa bado anakwenda jelani Jumapili moja moja na akina mama wa kanisa lao kuombea wafungwa, hilo nililijua. "Si kazi, ni mimi," alisema, na kwa mara ya kwanza maneno hayo hayakunirudishia pumzi. Nikamwambia akae nimpikie chai.

"Ngoja," akasema.

Tukaketi kwenye benchi la nje. Alivua malapa, akayapanga sawasawa kando ya mguu.

"Mama Omondi, yule mtu amekufa. Juzi, wadini. Mchungaji wa jela ndiye aliyekuwa naye." Nilikuwa sijapata ujumbe wowote kwenye simu. "Aliacha neno. Unalitaka, au..."

Akakwama hapo. Nikaona anatafuta mwisho wa ile sentensi aliyoisema getini kwangu miaka yote na haupati. Lirudi kwa nani?

"Lete," nikasema.

Alilileta lote, hakupunguza. Yule mtu alimwambia mchungaji kwamba alimwacha Omondi ukingoni mwa ziwa, mvua ikinyesha kwa nguvu na maji yamepanda. Kesho yake alirudi kumfukia, akakuta maji tu. Zaidi ya hapo hakuwahi kujua chochote.

"Na miwa?"

"Uongo."

"Kisima? Daraja?"

"Uongo, mama. Wote." Alikuwa anaangalia malapa yake. "Mchungaji alimuuliza kwa nini. Akasema mfungwa asiye na mtu wa kumtembelea hata jina lake linasahaulika mle ndani, lakini akiwa na neno, Madam anakuja. Akasema nikija alikuwa anapewa kiti."

Mvua ilikuwa inaanza tena, matone makubwa kwenye mabati. Niliwaza kiti hicho. Niliwaza miwa, mfupa wa ng'ombe, gambuti iliyozama, na mtu mmoja ameketi kwenye kiti jelani anatunga mahali pa kumweka mwanangu ili mwanamke wa probesheni asiondoke upesi.

"Mimi ndiye niliyekuletea," Jaote alisema. "Kila moja. Nilikuwa nafikiri nakupa haki yako."

"Nilisema lete. Kila moja."

"Umesikia?" Sauti yake ilikuwa imekwisha, ni mazoea tu yaliyomsemesha.

"Nimesikia," nikasema. Nilingoja swali la pili, halikuja. Alikuwa ameufunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yanamtikisika, mwanamke ambaye aliwaona watu wengi wakilia, naye akisimama wima mbele yao. Basi nikalijibu mwenyewe bila kuulizwa. Nikamwambia, "Na nimekubali."

Nilimwita msichana wa kazi wa shemeji aliyekuwa anachota maji, nikamtuma amwambie shemeji aende kwenye kijito, mti wa yago umezaa, achague tunda refu. Halafu nikaingia jikoni, nikachochea moto, nikaweka maziwa mengi na sukari. Nikamletea kikombe pale pale benchini.

Alikipokea kwa mikono miwili. Mimi machozi yangu yalikuwa hayajafika, yalikuja baadaye, kaburini. Siku ile aliyelia ni yeye, na chai akainywa yote.